Kipande cha Tiketi na Waliokitupa

Februari 2022, katika mnada wa kampuni ya Heritage ya mjini Dallas, Marekani, kipande cha tiketi ya besiboli kiliuzwa kwa dola 480,000. Narudia, maana sikio huwa linakataa tarakimu kama hizi: dola laki nne na themanini elfu. Wala haikuwa tiketi nzima. Kilikuwa kile kipande unachobaki nacho mkononi baada ya mtu wa mlangoni kuchana upande wake na kukuambia upite.

Kipande hicho ni cha tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, New York. Siku hiyo Jackie Robinson alivaa jezi namba 42 ya Brooklyn Dodgers, akasimama kulinda kituo cha kwanza, na kwa kusimama pale akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli katika karne ya 20. Kwa miongo sita wenye timu walikuwa wameufunga mlango huo kwa makubaliano ambayo hawakuthubutu kuyaandika. Wachezaji weusi walikuwa na ligi zao, zenye mabingwa wa kutisha, na wengi wao walizeeka bila kuruhusiwa kukanyaga uwanja wa ligi kuu wakiwa wachezaji wake.

Sasa tazama mchezo wenyewe. Robinson hakupata pigo safi hata moja siku ile, yaani pigo la kumfikisha kituoni bila wapinzani kukosea. Alifika kituoni kwa kosa la wapinzani, kisha akakimbia na kuleta alama iliyoiweka timu yake mbele, na Dodgers wakaishinda Boston Braves 5 kwa 3. Waliokuwepo ni watu zaidi ya 25,000, na uwanja haukujaa. Kila mmoja wao aliingia na tiketi. Leo vipande vinavyojulikana kusalia vya siku ile ni vichache kiasi kwamba kikitokea kimoja, wakusanyaji wa Marekani nzima wanapata habari zake.

Vingine vyote vilikwenda wapi? Vilifagiliwa. Vilidondoka chini ya viti pamoja na maganda ya karanga, vikasahauliwa mifukoni mwa makoti, vikaloa na kusagika ndani ya maji ya kufulia. Na hapo ndipo nataka tutulie leo, msikilizaji, kwa sababu nadhani biashara hii haieleweki vizuri. Watu husema bei ya kipande cha tiketi inatokana na ukubwa wa mchezo. Mimi naona inatokana zaidi na watu waliokitupa. Kila aliyekiachia kikaanguka sakafuni mwaka 1947, bila kujua, alimwongezea thamani yule mmoja aliyekitia ndani ya kitabu au kwenye droo.

Ushahidi upo. Tarehe 6 Septemba 1995, Cal Ripken wa Baltimore Orioles alicheza mchezo wake wa 2,131 mfululizo bila kukosa hata mmoja, akaivunja rekodi ya Lou Gehrig iliyodumu tangu 1939. Ni jambo kubwa. Rais wa Marekani mwenyewe alikuwepo uwanjani. Lakini siku hiyo ilihesabiwa kwenye kalenda kwa miezi, na kila aliyeingia alijua anaingia kushuhudia historia. Kwa hiyo watu waliitunza tiketi yao kama cheti cha ndoa, na leo kuipata si kazi. Wengi wanazo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na uzito wa tukio lenyewe.

Geuka sasa utazame tarehe 30 Septemba 1972, uwanja wa Three Rivers, Pittsburgh. Msimu wa kawaida umebakiza siku chache, na watu waliofika ni 13,117 tu. Roberto Clemente, mwana wa Puerto Rico, anapiga pigo lake safi la 3,000. Ni idadi ambayo wachezaji wachache sana katika historia nzima ya ligi kuu walikuwa wameifikia. Watazamaji wanasimama, wanampigia makofi, yeye anavua kofia kuwashukuru. Wanarudi nyumbani wakidhani mwakani watamwona tena akiongeza la 3,001. Mkesha wa mwaka mpya, Clemente akapanda ndege iliyosheheni misaada kwa ajili ya watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko la ardhi. Ndege ikaanguka baharini karibu na pwani ya Puerto Rico. Hesabu yake ikabaki 3,000 kamili mpaka leo.

Kipande cha tiketi ya siku ile kina vitu viwili ambavyo aliyekishika hakuvijua alipokuwa akitoka getini: kwamba hakutakuwa na pigo jingine la msimu wa kawaida kutoka kwa mtu yule, na kwamba viti vilivyokuwa vitupu siku ile vingekuja kukifanya adimu. Nikisikia mtu anasema karatasi ni karatasi tu, huwa namfikiria Clemente.

Michezo ya fainali za World Series ina hadithi yake tofauti. Tarehe 8 Oktoba 1956, katika mchezo wa tano wa fainali hizo, Don Larsen wa New York Yankees alirusha mchezo kamili. Maana yake, wapigaji 27 wa Dodgers walikuja mmoja baada ya mwingine, na wote 27 wakarudishwa bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo katika fainali, kabla yake wala baada yake. Waliotazama uwanjani walikuwa 64,519. Ungetegemea tiketi yake iwe ghali kuliko zote. Ni ghali, ndiyo, lakini tiketi za fainali zilikuwa kubwa na zenye michoro mizuri, na mtu aliyebahatika kuipata aliithamini tangu asubuhi kabla mpira haujarushwa. Kwa hiyo zimesalia nyingi kuliko za mchezo wa kawaida wa Aprili ambao hakuna aliyeutazamia makuu. Soko hili linawapendelea wanyonge: mchezo wa katikati ya wiki, kijana asiyejulikana anaingia kwa mara ya kwanza, viti nusu vitupu, mvua ikinyemelea.

Na kwa kuwa nimeitaja mvua, niseme kwa nini kipande hiki kilikuwepo hata kabla ya mtu yeyote kufikiria kukikusanya. Besiboli haichezwi mvua ikinyesha. Mchezo ukivunjika kabla haujafika mbali, mtazamaji ana haki ya kurudi siku nyingine bila kulipa upya, na uthibitisho wake ni kile kipande alichobaki nacho. Kwa hiyo kilikuwa dhamana. Ulikishika mpaka mchezo uhesabike kuwa umechezwa, halafu kazi yake ikawa imekwisha, na mkono ukakiachia.

Jambo hilo lilileta matokeo ambayo hadi leo yanawaumiza vichwa wakusanyaji. Tiketi nyingi za zamani hazina tarehe. Zilichapishwa zote pamoja kabla ya msimu kuanza, na kwa kuwa mvua ingeweza kuihamisha tarehe yoyote, zikapewa namba: mchezo wa 5, mchezo wa 31, mchezo wa 62, yaani wa nyumbani. Nyingine hazina hata mwaka. Ukikishika kipande kama hicho, ndipo unaanza upelelezi. Unatafuta ratiba ya timu, unahesabu michezo ya nyumbani, unatoa ile iliyoahirishwa, unaongeza ile iliyorudiwa, unarudi kwenye magazeti ya wakati ule kuona kama siku fulani ilichezwa michezo miwili kwa tiketi moja. Unachunguza saini ya rais wa klabu iliyopigwa chapa pembeni, kwa sababu marais walibadilika na miaka yao inajulikana.

Unachunguza hata kodi. Hili lilinivutia sana nilipolifahamu. Marekani ilikuwa na kodi ya serikali kuu kwenye viingilio, na tiketi za wakati ule zilionyesha bei peke yake, kodi peke yake, kisha jumla. Mwaka 1944, katikati ya vita, kodi hiyo ilipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 20. Mwaka 1954 ikarudishwa 10. Basi ukiona kipande kisicho na mwaka, ukagawanya kodi kwa bei ukapata moja ya tano, umekwisha kukifungia ndani ya muongo mmoja. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya hesabu hiyo, na imewahi kutofautisha kipande cha dola chache na kipande cha thamani ya gari.

Waghushi nao wapo, kama palipo na fedha yoyote. Mojawapo ya silaha dhidi yao ni taa ya mwanga wa urujuanimno. Karatasi za kisasa hutiwa kemikali za kuzing'arisha, na chini ya taa hiyo hung'aa kwa rangi ya samawati. Kemikali hizo zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tiketi inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1920, ikawaka chini ya taa, imejishtaki yenyewe.

Sasa tuje kwenye bei na kupanda na kushuka kwake. Kwa miaka mingi tiketi zilikuwa watoto wa kambo wa ukusanyaji. Kadi za wachezaji ndizo zilizoheshimiwa, na vipande vya tiketi viliuzwa kwa mafungu ndani ya maboksi. Mabadiliko yalianza pale kampuni za kuthibitisha kumbukumbu za michezo, hasa PSA iliyoanzishwa 1991 kwa ajili ya kadi, zilipoanza kupima tiketi pia. Unapeleka kipande chako, wanakikagua, wanakipa daraja kati ya 1 na 10, wanakifungia ndani ya plastiki ngumu yenye namba yake. Tena wanaweka hesabu hadharani: vipande vingapi vya mchezo fulani vimewahi kupita mikononi mwao. Kwa mara ya kwanza, mnunuzi aliweza kuona kwamba kadi ya mchezaji fulani ipo kwa maelfu, na tiketi za mchezo wake wa kwanza zipo chache mno. Likaja janga la korona, watu wakafungiwa majumbani, wengine wakiwa na fedha za kuchezea, na soko zima la kumbukumbu za michezo likapanda kwa kasi isiyo ya kawaida.

Kilele chake kilikuwa hicho kipindi cha mnada wa Robinson. Katika mnada huohuo, tiketi nzima, isiyochanwa, ya mchezo wa kwanza wa Michael Jordan katika ligi ya kikapu, Chicago, tarehe 26 Oktoba 1984, iliuzwa kwa dola 468,000. Ilibaki nzima kwa sababu mwenye nayo, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo, alikuwa na tiketi mbili na alikosa mwenzake wa kwenda naye. Upweke wa jioni moja ukaja kulipwa hivyo.

Baada ya hapo soko likapoa. Na ilibidi lipoe, kwa sababu hesabu ile ya hadharani inakata pande mbili. Tangazo la bei kubwa huwafanya watu wapande darini na kufungua masanduku ya marehemu baba zao. Kinachoitwa pekee leo, kesho kina ndugu wawili, na mwakani kumi. Aliyenunua kwa hoja ya uchache hana la kumwokoa uchache ukipungua. Aliyenunua kwa sababu babu yake alikuwa uwanjani siku ile hajapoteza kitu. Ndiyo maana namshauri yeyote anayeingia humu atenganishe matakwa hayo mawili moyoni mwake kabla hajatoa fedha, kwa sababu madalali hawatamtenganishia.

Kuna jambo katika upimaji huu ambalo silikubali, na nitalisema wazi. Wazee wengi wa zamani walikuwa na tabia ya kuandika nyuma ya kipande: matokeo ya mchezo, jina la aliyekwenda naye, hali ya hewa. Kwa macho ya mpimaji, maandishi hayo ni uharibifu na yanashusha daraja. Alama ya gundi kwa kubandikwa albamu inashusha daraja. Tundu la pini kwa kutundikwa ukutani linashusha daraja. Kwa hiyo kipande ambacho kimeshuhudia maisha ya mtu kinashindwa na kile kilichokaa gizani bila kuguswa. Mimi nikipewa kuchagua kati ya tiketi safi ya mchezo wa mwisho wa Ted Williams, tarehe 28 Septemba 1960, uwanja wa Fenway mjini Boston, alipopiga mpira ukavuka ukuta katika zamu yake ya mwisho kabisa mbele ya watu 10,454, na kipande kilichokunjika cha siku hiyohiyo ambacho nyuma yake mtu ameandika kwamba alikuwepo na mwanawe, nachukua kilichokunjika.

Swali hilo la nani alikuwepo lilizuka upya Mei 29, 2010. Roy Halladay wa Philadelphia Phillies alirusha mchezo kamili ugenini, nyumbani kwa Florida Marlins. Uwanja ulikuwa na viti vingi vitupu, na baada ya mchezo Marlins wakaanza kuuza zile tiketi ambazo hazikununuliwa. Watu walizinunua za mchezo uliokwisha. Ni tiketi halali, zimechapwa na klabu, zina tarehe sahihi. Lakini hakuna aliyekalia kile kiti. Wapo wakusanyaji wanaoziona sawa na nyingine, na kwa mizani ya wapimaji ni nzuri zaidi, kwa vile hazina mkunjo. Kwangu mimi ni risiti za duka.

Hata hivyo zipo tiketi za michezo ambayo haikuchezwa kabisa, na hizo nazipenda. Septemba 1964, Phillies haohao walikuwa wakiongoza ligi yao kwa pengo la michezo sita na nusu, imebaki michezo 12. Tiketi za World Series zikachapishwa. Wakapoteza michezo kumi mfululizo. Fainali zikachezwa mahali pengine, na zile tiketi zikabaki Philadelphia, ushahidi wa karatasi wa vuli iliyowavunja moyo watu wa mji mzima. Hazidai kushuhudia kisichoshuhudiwa. Zinasema kweli kuhusu matumaini yalivyokuwa.

Karatasi yenyewe imefikia mwisho wake. Kwanza zikaja tiketi za kompyuta, zote zimefanana, nyingine zimechapwa kwa joto kwenye karatasi ambayo maandishi yake hufifia kwa mwanga. Mwaka 2016 Yankees waliacha kupokea tiketi ambazo mtu amejichapishia nyumbani. Baada ya korona, timu karibu zote zikahamia kwenye simu. Unaonyesha kioo, mashine inalia, unapita. Wenye biashara wanasema hili limezipandisha bei tiketi za zamani, kwa kuwa hazitaongezeka tena, na hoja yao ina mashiko. Mimi nahuzunika kwa sababu nyingine. Ile bahati nasibu ya kusahau na kutunza imefutwa. Hakuna tena anayeweza kukuta, miaka 40 baadaye, ndani ya kitabu cha marehemu mama yake, uthibitisho kwamba jioni fulani alikuwa mahali fulani.

Na sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kulijali hili. Tarehe 26 Aprili 2017, katika uwanja wa PNC Park, Pittsburgh, Gift Ngoepe aliingia kuichezea Pirates dhidi ya Chicago Cubs, akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli. Huyu ni kijana wa Afrika Kusini aliyelelewa ndani ya chumba cha jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Zamu yake ya kwanza ya kupiga, mrushaji akiwa Jon Lester, bingwa wa fainali zaidi ya mara moja, Ngoepe akapata pigo safi. Ulikuwa usiku wa Jumatano ya kawaida mwezi Aprili. Baadhi ya waliokuwepo waliingia na karatasi, wengine na simu, na wengi walikuja kuwatazama Cubs. Yaani masharti yote niliyoyaeleza tangu mwanzo yametimia hapo. Kama ningeambiwa nitafute kipande kimoja tu katika mchezo huu wote, ningeanza na hicho, na nisingeuliza daraja lake.

Wengine wako njiani. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Uganda kufuzu na kunyimwa viza. Tangu hapo vijana wa Uganda wamesaini na Los Angeles Dodgers, klabu ileile ya Robinson iliyohama Brooklyn, na Pittsburgh Pirates, klabu ya Clemente na Ngoepe, wakizipanda ngazi za ligi za chini. Mmoja wao akiitwa juu, ataitwa ghafla, asubuhi kwa ajili ya mchezo wa jioni, kama wachezaji wapya wanavyoitwa. Baadhi ya timu bado huuza tiketi za karatasi za ukumbusho kwa anayeziomba. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza ukiwa Los Angeles au Pittsburgh, au una ndugu huko: siku hiyo nunua kiti, ingia mapema, ulizia karatasi hiyo, na mchezo ukiisha andika nyuma yake kwa kalamu ya wino jina lako, jina la uliyekwenda naye, na alichokifanya yule kijana. Daraja lishuke tu.